Maadili ya akili mnemba mezani: mwongozo kamili kwa ofisi ndogo za Lamu

Novemba 2021 nchi 193 wanachama wa UNESCO zilipitisha Pendekezo la Maadili ya Akili Mnemba. Kabla ya hapo, Mei 2019, OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, ilikuwa imetoa kanuni zake. Ukizisoma zote utakutana na maneno yale yale: faragha, usawa, uwazi, usalama, uwajibikaji, na binadamu kubaki mwenye kauli ya mwisho. Hakuna mwenye nyumba ya wageni Shela atakayebishana na hata moja. Kazi inaanza saa 5 asubuhi, mgeni amesimama mapokezi, boti ya Mokowe inangoja, na kijana wa zamu ana picha ya pasipoti kwenye simu yake pamoja na programu ya bure ya akili mnemba iwezayo kumjazia fomu kwa sekunde chache.

Mwongozo huu ni wa meza hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya nyumba za wageni, ofisi za safari za mashua, vikundi vya akina mama na vijana, madrasa, shule ndogo na kamati za basari. Unahitaji daftari moja, asubuhi moja isiyo na wateja wengi, na mtu mmoja mwenye amri ya kusema "hili tumeacha". Yapo mambo ambayo ofisi ya watu 6 haiwezi kuyatengeneza, kwa mfano ujira wa vijana wa Nairobi walioripotiwa Januari 2023 kulipwa chini ya dola 2 kwa saa kwa kuchuja maneno machafu ili programu hizi zisiyatoe. Ni vyema kuyajua. Hapa nashughulika na yale yaliyo chini ya mkono wako.

Hatua ya 1: Jueni mnatumia nini

Kaeni pamoja na kila mtu aseme anatumia programu gani, kwa kazi ipi. Watangazie mapema kwamba hakuna atakayekaripiwa, na litimize hilo, kwa sababu ukimfokea wa kwanza, wote waliobaki watakuwa "hawatumii". Chora safu 5 kwenye daftari: nani anatumia, programu gani na akaunti ya nani, anaingiza nini, anapata nini, na nani anaguswa na matokeo.

Safu ya mwisho ndiyo inayofungua macho. Mapokezi anaingiza barua pepe za wageni na kupata majibu ya Kihispania. Anayeguswa ni mgeni mmoja. Msaidizi wa hesabu anaingiza picha ya taarifa ya M-Pesa ili ajumlishiwe mauzo ya mwezi. Wanaoguswa ni kila aliyelipa, majina yao na miamala yao, pamoja na muuza samaki na fundi wa mashua ambao hawajui hata kwamba programu hiyo ipo.

Msisahau zile zinazojificha: simu inayopendekeza majibu yenyewe, programu ya kung'arisha picha, ile inayogeuza sauti kuwa maandishi, kamera ya mlangoni inayojisifu kutambua nyuso.

Hatua ya 2: Gaweni matumizi katika marundo 3

Rundo la kwanza ni kazi ambazo kosa lake ni aibu tu: maelezo ya menyu, maneno ya chini ya picha ya machweo, kusahihisha tahajia. Hizi ziacheni ziende. Ofisi inayoweka masharti mazito kwenye menyu ya samaki wa nazi itachoka kabla ya kufika kwenye mambo ya maana.

Rundo la pili ni kazi zinazobeba taarifa za mtu au ahadi kwa mteja: kujibu maulizo ya bei, kufupisha kikao, kutafsiri malalamiko. Hizi zinaruhusiwa kwa masharti ya hatua zinazofuata.

Rundo la tatu ni uamuzi juu ya mtu, au jambo linaloweza kumdhuru mtu: nani apewe basari, nani aajiriwe, dawa gani inywewe, boti iondoke saa ngapi. Humo programu haina uamuzi. Chukua safari ya Pate au Faza kupitia mkondo wa Mkanda. Kupita kwake kunategemea maji, nayo hujaa mara 2 kwa siku, kila siku yakichelewa kwa kama dakika 50, na bamvua si sawa na maji mafu. Ukiiuliza programu ya gumzo saa ya kuondoka itakujibu bila kusita, kama mtu aliyezaliwa Matondoni, kumbe imekisia. Mgeni akiuliza habari za maji, ujumbe unapelekwa kwa nahodha, na jibu la nahodha ndilo linaloandikwa.

Hatua ya 3: Amueni kipi hakitoki nje

Hapa ndipo ofisi nyingi za hapa huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyumba ya kale ya Lamu ina daraja zake. Mpita njia huketi dakani, kwenye baraza ya mlangoni, mwenye shughuli huvuka hadi kiwandani, yaani uani, jamaa hufika msana, ule ukumbi unaofuata ua, na ndani ni kwa wenyewe. Zipangeni taarifa zenu vivyo hivyo. Za dakani ni bei, saa za kazi, ramani, aina za vyumba: ziingizeni kokote. Za kiwandani ni jina la mteja, tarehe za kufika, chakula asichokula: hizi zinaingia kwenye akaunti ya ofisi pekee, baada ya kupunguzwa. Za ndani ni pasipoti na kitambulisho, afya, deni, ugomvi wa ndoa, malalamiko dhidi ya mfanyakazi, na chochote cha mtoto. Hizi haziingii kwenye programu ya nje hata kidogo, wala kwa dharura.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni "futa jina kwanza". Katika mji mkubwa huenda ukatosha. Lamu hautoshi. Tazama ombi hili:

"Andika barua kwa mwalimu wa kike wa sayansi wa Matondoni, ambaye mtoto wake ana kifafa, umweleze kwamba basari imechelewa."

Jina halimo, lakini mtu yeyote kuanzia Mkomani hadi Langoni atakutajia ni nani kabla hujamaliza kusoma. Ombi lililo sawa ni hili:

"Andika barua fupi ya heshima kwa Kiswahili, kumweleza mzazi kwamba ombi la basari limechelewa kwa sababu ya hati moja iliyokosekana. Acha nafasi ya jina na ya hati."

Jina na hati utajaza mwenyewe kwa kalamu. Barua ni ile ile, muda ni ule ule, na ugonjwa wa mtoto haujatoka ofisini. Kipimo cha kuwafundisha wafanyakazi ni swali moja: jirani yake akisoma maneno haya bila jina, atamjua? Kama atamjua, punguza kazi, mtaa, umri au ugonjwa mpaka asimjue.

Kisha fungueni mipangilio ya programu. Akaunti nyingi za bure huruhusu mazungumzo yenu yatumike kuifunza programu, na kitufe cha kuzuia hilo mara nyingi kipo, ila kimefichwa ndani ndani. Kizimeni. Fungueni akaunti ya kazi kwa barua pepe ya ofisi, ili kijana akihamia Watamu asiondoke na historia ya wageni wenu mfukoni. Picha za pasipoti zifutwe kwenye simu za watu binafsi mara tu daftari la wageni linapojazwa, na zifutwe pia kwenye lile kundi la WhatsApp zilikotumwa. Hapo kwenye kundi ndipo husahaulika.

Kuhusu sheria: faragha imo kwenye kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ndiyo inayoeleza namna ya kuitekeleza. Kanuni za usajili za 2021 zinaiachilia biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Wengi wameshika sehemu hiyo tu. Sehemu ya pili inasema zipo shughuli zinazotakiwa kujisajili hata zikiwa ndogo, na miongoni mwake ni ukarimu, elimu na huduma za afya. Waongoza watalii wametolewa kwenye kundi la ukarimu. Nyumba ya wageni haikutolewa. Na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data haikuwekwa kwa pambo: Septemba 2023 iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya usiku shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja. Fikiria hapo picha ngapi za wageni mlizoziweka mtandaoni, na watoto wangapi wa mtaani wamo humo.

Hatua ya 4: Ombeni idhini kwa maneno ya kawaida

Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi wapigwe picha ya mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, kwa malipo ya sarafu hizo zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Mtu mwenye shida akipewa pesa atasema ndiyo kwa lolote. Ndiyo hiyo haina uzito.

Idhini ya kweli ina mambo 3: mtu ajue taarifa yake inakwenda wapi, ajue inafanyiwa nini, na akikataa asipungukiwe na chochote. Kikundi cha vijana kinachorekodi simulizi za wavuvi kinaweza kusema hivi:

"Mzee wangu, shikamoo. Sauti yako nataka kuitia kwenye programu iniandikie maneno. Programu yenyewe iko ng'ambo, si hapa Kenya. Ukiona si sawa, nitaandika kwa mkono, na mazungumzo yetu yataendelea vile vile."

Sentensi ya mwisho ndiyo nzito, na ndiyo inayorukwa. Mzee akisema "hebu andika kwa mkono, mwanangu", andika kwa mkono. Kwa mtoto, idhini ni ya mzazi au mlezi, na hata ikipatikana jambo lenyewe liwe na faida kwa mtoto. Kwa picha za watu waliopita tu barabarani, hasa akina mama, mji huu una adabu yake tangu kabla ya kamera kuingia kwenye simu: uliza kwanza. Kuichukua picha ya mtu na kuigeuza kwa programu iwe tangazo ni kumwomba kitu cha pili, kwa hiyo anaulizwa mara ya pili.

Hatua ya 5: Jaribuni usawa kabla ya kuamini

Tuseme kamati ya basari imepokea maombi mengi na mmoja wenu anapendekeza yatiwe kwenye programu iyapange kwa uhitaji. Kabla ya kukubali, tungeni ombi moja la uongo. Mwanafunzi ana alama fulani, ada fulani, mzazi mmoja. Nakilini mara 4 na mbadilishe kitu kimoja kimoja: nakala moja anatoka Mkomani, nyingine Mangai, nyingine Kizingitini, nyingine Mpeketoni. Kisha mbadilishe jinsia. Kisha barua moja iwe ya Kiingereza kilichonyooka na nyingine ya Kiswahili cha sentensi fupi fupi, habari zikiwa zile zile. Ingizeni kila moja kwenye mazungumzo mapya, na mrudie, kwa kuwa programu hizi hutoa majibu tofauti kwa swali lile lile.

Nafasi zikibadilika, mmepata jibu. Mahali pa kutazama zaidi ni zile barua 2 za lugha tofauti. Programu ikimsifu wa kwanza kuwa "ana malengo" na kumwona wa pili "hajajieleza", kinachopimwa ni nani ana ndugu aliyesoma wa kumwandikia. Mtoto wa Kiaweer wa Basuba ataanguka kwenye mtihani ambao hakuambiwa upo, na kamati itaamini imetenda haki kwa sababu hakuna mwanadamu aliyependelea.

Sauti zina tatizo kama hilo. Programu za kuandika sauti zimefunzwa zaidi Kiswahili sanifu. Mama wa Kiamu akisema mtoto "aliteka", ana maana alicheka. Mashine inaweza kuandika maneno hayo hayo, na mfupishaji akaripoti mtoto aliteka mtu. Mzungumzaji wa Kitikuu wa Faza huenda asieleweke kabisa. Kwa hiyo chukueni sauti 2 au 3 za kila lahaja mnayohudumia, kwa idhini, mlinganishe maandishi na sauti yenyewe, na panapoharibika andikeni kwa mkono.

Nyuso nazo: utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa 2018 ulipima programu za makampuni makubwa zinazotambua jinsia kwa uso. Kwa wanaume weupe zilikosea kwa hadi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi hadi asilimia 34.7. Programu zimeboreshwa tangu hapo, ila sioni sababu ya ofisi ndogo ya hapa kuandikisha mahudhurio ya wapishi kwa uso wakati daftari na sahihi vinatosha.

Sheria ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kwa kamati, hiyo ina maana wanakamati wayasome maombi yote, programu isitoe alama, na kila aliyekosa aambiwe sababu inayoelezeka. Programu inaweza kuwatungia barua za majibu. Hiyo ndiyo sehemu yake.

Hatua ya 6: Kagueni kinachotoka

Februari 2024 baraza moja la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria zaidi ya dola 800 za huko. Programu ya gumzo kwenye tovuti yao ilimweleza vibaya kuhusu nauli ya msiba, naye akaifuata. Shirika lilijitetea kana kwamba programu ile ilikuwa na wajibu wake yenyewe. Baraza halikukubali. Nyumba ya wageni iliyoweka programu ya kujibu usiku iko hapo hapo: ikiahidi kiamsha kinywa cha bure, kiamsha kinywa ni cha bure.

Kwa hiyo bei, masharti ya kurudisha pesa, ratiba ya boti na ya ndege ya Manda, viza na usalama visitungwe na programu. Ipeni maandishi yaliyothibitishwa, na swali lililo nje ya maandishi hayo limfikie mtu. Historia pia ikaguliwe kabla ya kubandikwa. Ukiambiwa Ngome ya Lamu ni ya Wareno, kataa. Ilimalizwa 1821, Wareno wakiwa wamekwisha kufukuzwa pwani hii zamani.

Picha zilizotungwa ni shauri jingine. Programu huchora Usita wa Mui (njia kuu nyembamba ya mji wa Lamu) wenye gari na milango yenye miiba ya shaba kama ya Unguja. Hayo ni ya kucheka. Usicheke ikiwa chumba chako kimepanuliwa, ukuta umefutwa ufa, na dirisha limepewa bahari isiyokuwepo. Kuongeza mwanga kwenye picha ni sawa. Kuongeza bahari ni udanganyifu, na mgeni atauona mzigo ukiwa bado mgongoni mwa punda.

Hatua ya 7: Semeni

Sentensi moja kwenye ujumbe wa kwanza inatosha: "Majibu ya usiku hutolewa na programu ya kompyuta, andika MTU ukitaka kuzungumza nasi." Tafsiri iliyofanywa na mashine iandikwe hivyo. Kosa la tahajia halihitaji tangazo.

Hatua ya 8: Mpeni mtu mmoja jukumu, na daftari la makosa

Jina moja, lenye namba ya simu, libandikwe ukutani. Asiwe kijana wa kompyuta kwa sababu tu anajua kompyuta. Awe mwenye uwezo wa kuzima programu bila kuomba ruhusa. Daftari lake liwe na mistari mifupi: tarehe, kilichotokea, aliyeguswa, tulichofanya. Kwa mfano: "Muhtasari wa kikao ulimtaja mama mwenye deni. Ulitumwa kwenye kundi. Umefutwa, Bi mwenyekiti amemwendea nyumbani kumwomba radhi. Kuanzia leo sehemu ya madeni hairekodiwi."

Kuna jambo moja lenye saa yake. Taarifa za watu zikivuja au zikiingiliwa na mtu asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli kwao, Ofisi ya Kamishna inatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mjue. Simu iliyoibiwa Mokowe ikiwa na picha za pasipoti za wageni inaweza kuingia humo.

Ukurasa wa ukutani

Ukurasa huu mimi sipendi kuuita sera. Ni maneno ya kubandika kando ya kompyuta, mbadilishe mnavyotaka:

Tunatumia akaunti ya ofisi tu. Pasipoti, afya, madeni na habari za watoto haziingii. Kabla ya kutuma, tunauliza: jirani yake atamjua? Maji na safari ni vya nahodha. Dawa ni za daktari. Hakuna mtu anayenyimwa au kupewa kitu kwa sababu programu imesema. Kila kinachomfikia mteja kimesomwa na mtu, isipokuwa majibu ya usiku yaliyothibitishwa. Mwenye lalamiko aende kwa: (jina na simu).

Pitieni ukurasa huu na madaftari yote kila Mei, masika yanaponyesha na vyumba viko vitupu. Tazameni programu ipi imeingia ofisini bila kuandikwa, na mfungue tena mipangilio, kwa kuwa masasisho wakati mwingine hurudisha kitufe mlichokizima. Matumizi yaliyoandikwa mara 2 kwenye daftari la makosa yanapanda rundo moja, hata kama kila mtu ofisini anayapenda.